Dawa ya Mbu Ndani ya Ndege, na Dawa ya Mbu Nyumbani

Hapa Fizi na Baraka wengi wetu tuna ndugu waliokimbia vita tangu 1996, wakaikala kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, kisha wakapanda ndege kwenda Marekani ao Australia. Mmoja anapiga simu: “Ndani ya ndege walitupulizia dawa!” Mama anauliza: “Munganga, ni juu sisi ni wagonjwa? Ile dawa haiumize watoto?” Tujifunze.

1. Kwa nini ndege inapigwa dawa?

Dawa ile haitafuti mtu, inatafuta mbu. Mbu anaingia mlango ukiwa wazi, anajificha, anashuka inchi nyingine. Mwaka 1930 mbu wa malaria wa Afrika alionekana katika mji wa Natal, Brazil. Alivuka bahari toka Dakar. Mwaka 1938 malaria iliua huko watu zaidi ya 14,000. Walipigana na mbu huyo, wakammaliza mwaka 1940. Tena mwaka 1995, watu 6 walipata malaria kwenye uwanja wa ndege wa Bruxelles. Mbu ndiye aliyesafiri.

Australia inaomba dawa hii kwa ndege zinazotoka inchi nyingine. Mzungu na Mwafrika, wote walio ndani wanapuliziwa. Si haya kwa mtu.

2. Je, inaumiza mutoto?

Dawa hii ni jamaa ya sumu ya ua la pareto, lililolimwa katika milima yetu ya Kivu. Shirika la OMS halikuona kwamba inaumiza wasafiri, ikitumiwa kwa kipimo chake. Ni kidogo, na mwili wa mtu unaivunja upesi, mbu hawezi. Lakini wengine wanakohoa ao macho yanawasha. Mwenye pumu awaambie wafanyakazi wa ndege mbele. Mama, geuza uso wa mtoto kifuani mwako mpaka wamalize.

3. Tufanye nini nyumbani?

Dawa iliyo katika chandarua ni ya jamaa ile ile. Basi:

a) Chandarua kipya kitandaze kivulini siku moja mbele ya kukitumia.

b) Mtoto na mama mwenye mimba walale ndani yake kila usiku. Chomeka pindo chini ya godoro ao mkeka.

c) Kifue katika beseni kwa sabuni ya kawaida, kikauke kivulini. Maji yake mwaga ndani ya shimo, mbali na kisima na ziwa. Dawa hiyo inaua samaki upesi. Usivulie ndagala kwa chandarua: unapoteza samaki wadogo wa kesho, na mtoto anaumwa na mbu leo.

d) Dawa ya shamba isiingie nyumbani. Usiipulize kitandani, usiipake kichwani mwa mtoto juu ya chawa, usiiweke katika chupa ya mafuta ao ya fanta. Dawa nyingi za shamba ni kali sana, hazikupimwa kwa chumba wanamolala watu.

4. Mtoto akiguswa ao akinywa dawa ya shamba

Alama ni mate mengi, jasho, kutapika, kutetemeka, kupumua kwa shida. Vua nguo zake, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Usimtapishe kwa nguvu. Mkimbize hospitali mara moja, na chupa ya dawa uilete, munganga ajue ni sumu gani. Usingoje asubuhi.

Maulizo ya kukumbuka

1. Dawa ya ndege inatafuta nani?
2. Maji ya kufulia chandarua yanamwagwa wapi?
3. Dawa ya shamba inawekwa wapi kwako? Mtoto anafika pale?

Ulizo la tatu, usilijibu hapa. Rudi nyumbani, angalia leo.