Benchi Chini ya Mti

Katika mji wa Harare, ulio mkuu katika nchi ya Zimbabwe, upo mtaa wa watu wengi uitwao Mbare. Hapo ndipo lilipowekwa, nje ya zahanati, benchi la mbao ambalo sasa tutasoma habari zake. Huketi watu wawili: bibi mzee, na mwenzake anayesema naye polepole. Usidhani kwamba wanapumzika tu. Yule bibi yu kazini.

Asili ya kazi hiyo ni msiba. Mwaka 2005 Daktari Dixon Chibanda, tabibu wa magonjwa ya akili, alikuwa akimwuguza msichana aliyelemewa na huzuni. Siku moja mama wa msichana akampigia simu kumpa habari kwamba binti yake amejiua. Daktari akauliza mbona hawakuja hospitalini. Jibu lilikuwa fupi: hawakuwa na nauli ya basi, dola 15.

Neno hilo halikumtoka moyoni. Yeye alikuwa akiwangoja wagonjwa hospitalini, kumbe mgonjwa wake hakuweza kumfikia. Tena matabibu wa kazi yake katika nchi nzima walikuwa wachache mno. Na mwaka uo huo serikali ilibomoa nyumba na vibanda vya maskini mijini, hata taabu ikazidi.

Basi mwaka 2006 akaanza kazi Mbare. Chumba hakupewa, maana zahanati ilijaa; wala wauguzi hakupewa, maana walikuwa na kazi tele. Alipewa mabibi 14, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kufundisha habari za afya. Kusema kweli, daktari mwenyewe aliona shaka.

Lakini tazama jinsi walivyomfundisha. Yeye aliliita benchi hilo kwa jina la afya ya akili. Wao wakamwambia kwamba hakuna atakayekubali kuketi hapo mbele ya macho ya jirani zake. Likaitwa Benchi la Urafiki. Tena wakaacha maneno ya vitabuni, wakashika neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni nani asiyeijua hali hiyo?

Bibi huanza kwa maswali machache, kisha husikiliza. Mgonjwa hutaja taabu zake zote, huchagua moja, nao hutafuta pamoja hatua ndogo ya kwanza: labda kumwendea mwenye nyumba, labda kuanza biashara ya mboga. Akirudi huulizwa, Je, ulijaribu? Ikawaje?

Wataalamu waliwapima watu 573, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliotunzwa kwa desturi ya zamani, karibu 50 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Katika kila 100 walioketi na mabibi, walikuwa kama 14 tu. Baadaye mabenchi kama hayo yakapelekwa Malawi, na kwetu pwani yakafika Unguja.