Kuujifunza Mji kwa Miguu: Wanachuo wa Pemba Dar es Salaam

Katika kazi ya ualimu yamo mambo ambayo hayafundishiki kwa chaki na ubao peke yake, na dhana ya mji mkubwa ni mojawapo. Mwalimu atakayepangiwa skuli ya Micheweni au Kengeja atatakiwa siku moja kuwasomesha watoto habari za mji: barabara zake, masoko yake, bandari yake, kazi za watu wake na taabu zao. Ikiwa yeye mwenyewe hakuwahi kuuona mji wa namna hiyo isipokuwa katika picha ya kitabu, atayasoma maneno ya kitabu, watoto watayanakili, na somo litakwisha bila ya mtu yeyote darasani, mwalimu akiwemo, kujua kinachozungumzwa. Ndiyo maana chuo chetu huwachukua wanachuo katika ziara ya mafunzo Dar es Salaam. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ziara hiyo inavyoweza kupangwa ili mwanachuo aujifunze mji kwa akili yake mwenyewe. Hatutaficha mahali tulipokosea.

Safari ya kwanza tuliiongoza kama msafara wa wapagazi. Wanachuo arubaini walitembea safu moja, mkufunzi mbele na mkufunzi nyuma, kutoka bandarini hadi Makumbusho ya Taifa, kutoka Makumbusho hadi sokoni, kutoka sokoni hadi malazi. Hakupotea mtu. Tuliporudi Pemba tukazisoma ripoti zao, na karibu zote ziliandikwa kwa sentensi zile zile: tulifika Makumbusho, tuliona vitu vingi vya kale, tulifurahi sana. Tulijiuliza kama nauli ya watu wote wale ilistahili kugharimiwa kwa sentensi tatu. Kosa halikuwa la wanachuo. Mtu anayetembea akiutazama mgongo wa mwenzake huuona mgongo wa mwenzake tu.

Jambo hili si geni katika historia ya elimu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwalimu mmoja wa Ufaransa, Célestin Freinet, alirudi vitani na jeraha la mapafu. Mwaka 1920 alianza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, na kwa kuwa pumzi haikumruhusu kuhutubia darasa kutwa nzima, aliwatoa wanafunzi wake nje wakatazame mafundi, mashamba na mto, kisha wakirudi waandike wenyewe walichokiona. Baadaye aliwapa mashine ndogo ya kuchapia ili maandishi yao yasomwe na wengine. Twaona kwamba njia yake ilianza kwa udhaifu wa kifua. Sisi wenye vifua vizima ndio tunaosema mno.

Safari iliyofuata, basi, tuliipanga upya. Wanachuo waligawanywa katika vikundi vya watu wanne wanne, na kila kikundi kiliachiwa mji peke yake tangu saa tatu za asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Kabla ya kufika huko yalikuwapo maandalizi ya miezi miwili, na sehemu iliyokuwa nzito kuliko zote ni ruhusa ya wazee. Mkufunzi mgeni aliyetoka bara aliiona barua ya mzazi kuwa ni karatasi ya kutiwa saini tu. Kwa Pemba sivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, na zipo nyumba nyingi kisiwani ambazo hadi leo zina mtu asiyerudi. Baba anapouliza ni boti gani, itaondoka saa ngapi na imechukua abiria wangapi, hatii mguu ugumu. Anauliza swali ambalo kila mwalimu anayesafirisha watoto wa watu hana budi kuwa na jibu lake. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale waliosita. Wapo waliokataa, nasi tuliwakubalia.

Darasani tulianza na ramani. Dar es Salaam, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 5, na Pemba nzima ina watu wapatao 540,000. Tarakimu hizi peke yake hazimwambii mwanachuo kitu, kwa hiyo tuliwataka wahesabu: Pemba ngapi zingejaa katika mkoa ule mmoja? Wakachora kwa mkono njia kutoka Kivukoni hadi Mnazi Mmoja, na kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo. Kisha kila kikundi kikapewa karatasi ya maswali. Hatukuuliza jambo linaloweza kujibiwa kwa kusoma kibao kilichobandikwa mlangoni. Tuliuliza mambo kama haya: Mtu wa kwanza uliyemkuta anafanya kazi saa tatu za asubuhi alianza kazi saa ngapi, na anaishi wapi? Tafuta jengo lililojengwa kwa kitu unachokijua kwenu. Nunua kitu kimoja cha kufundishia kisichozidi shilingi elfu mbili, ueleze utakitumia katika somo gani.

Lipo jambo la fedha ambalo hatukulifikiria, na twalitaja kwa sababu mwalimu mpya naye hatalifikiria. Asubuhi ya siku ya matembezi mwanachuo mmoja alisema tumbo linamuuma, akabaki kitandani. Mkufunzi wa kike alipokaa naye kidogo alibaini kwamba tumbo halikuwa na neno. Binti yule hakuwa na hata nauli ya basi, na aliona haya kulipiwa na wenzake. Tangu siku ile fedha za matumizi hutolewa na chuo kwa kikundi, kiasi sawa, akazishika mmoja wao na kuziandikia hesabu. Wenye zao mfukoni huombwa waziache mfukoni. Binti yule alitoka na kikundi chake saa nne, na karatasi yake ya maswali ndiyo iliyojaa kuliko zote.

Na waliona nini? Hapa hatuwezi kueleza yote. Kikundi kimoja kilifika Boma la Kale, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Sokoine. Jengo hilo ni la miaka ya 1860, wakati Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipoanza kujenga mji mpya penye kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama, na ni Wajerumani walioufanya makao yao makuu mwaka 1891, walipohama kutoka Bagamoyo. Habari hizi zimo vitabuni. Lakini mwanachuo mmoja, ambaye baba yake ni mwashi, aliweka kiganja ukutani akasema haya ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama msikiti wa kwetu. Kwa sentensi ile, swali la pili la karatasi likawa limejibiwa, na historia ya Zanzibar na ya bara ikawa kitu kimoja mbele ya macho yao.

Kikundi kingine kilisimama penye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini yake mna maandishi ya herufi za Kilatini na ya herufi za Kiarabu. Wapita njia wengi huipita sanamu hiyo kila siku bila ya kuyatazama. Binti mmoja wa kikundi, aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani tangu mdogo, alianza kuzisoma herufi zile kwa sauti, polepole, na kijana mng'arisha viatu akaacha kazi yake akaja kusikiliza. Mwanachuo aliyekuja mjini akidhani yeye ndiye mshamba alijikuta ndiye msomaji. Kutoka hapo kikundi kilikwenda Kariakoo kikiwa na swali jipya, maana jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita ile ile, ambacho kambi yake ilikuwa hapo.

Kariakoo penyewe palitoa somo la lugha ambalo hatukulipanga. Jengo kubwa la soko, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaani kuzunguka pale haikukoma. Mwanachuo aliomba tungule. Mwuzaji akacheka, akamwita mwenzake asikie. Ilichukua muda kuelewana kwamba tungule za Zanzibar ndizo nyanya za Dar es Salaam. Mwanachuo alikasirika kwanza, kisha akaandika. Kikundi kilirudi na orodha ndefu ya maneno, skuli na shule yakiwa juu kabisa. Mwalimu wa Kiswahili aliyekwisha chekwa kwa neno la kwao hatamcheka mtoto kwa neno la kwao, au walau twatumai hivyo.

Sasa twaeleza kosa letu. Kikundi cha watu wanne kilitoka Kariakoo kikitaka kwenda soko la samaki la Feri. Kilipanda basi la mwendokasi katika kituo cha Fire. Mabasi haya, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hupita katikati ya Barabara ya Morogoro, na katika kila kituo mtu huingia upande huu kwenda mjini au upande ule kwenda Kimara. Sisi tulikuwa tumewafundisha ramani kwa wiki nne, lakini hatukuwafundisha kumwuliza mtu kabla ya kupanda. Walikaa vitini wakiridhika hadi mmoja wao alipoona kwamba bahari haionekani. Wakamwuliza mama aliyeketi jirani.

"Shikamoo mama. Samahani, Feri bado?"

"Marahaba. Feri mmeipa mgongo, wanangu. Shukeni Manzese mvuke upande wa pili."

Simu iliyokuwa na namba zetu ilikuwa imezimika, na hakuna aliyekuwa ameziandika kwenye karatasi. Saa tisa vikundi vingine vilikuwa Mnazi Mmoja, mahali pa kukutania. Saa kumi mkufunzi mmoja alikuwa njiani kwenda kituo cha polisi, na sisi tuliobaki tulikuwa tukiwaza tutawaambia nini wazee ambao tuliwaendea majumbani. Saa kumi na nusu wanne wale walitokea, wamechoka, wanacheka. Hatukucheka nao. Usiku, hasira ziliposhuka, tuliwataka waeleze mbele ya wote, na maelezo yao ya safari ile ya Manzese yalikuwa bora kuliko ya kikundi kilichofika Makumbusho kwa wakati. Tangu hapo kila mwanachuo huandika namba tatu za simu katika karatasi inayokaa mfukoni. Kila kikundi huwa na simu mbili, na hufika mahali pa kukutania mara mbili, adhuhuri na saa tisa. Matembezi hayafanywi siku ya kuondoka kwa boti.

Baadhi ya wakufunzi wenzetu wanaona kwamba mabinti wasiachiwe mji hata kidogo. Tumelizingatia shauri hilo, nasi hatulikubali. Hao hao watapangiwa skuli mbali na kwao baada ya mwaka mmoja, na hakuna mkufunzi atakayewafuata huko. Tunachofanya ni kuwaacha wachague wenyewe wenzao wa kikundi.

Mwalimu mtarajiwa asidhani, hata hivyo, kwamba njia hii yahamishwa hivi hivi kwa watoto wa skuli ya msingi. Mtoto wa miaka tisa haachiwi mji. Huachiwa swali, naye mwalimu husimama mahali ambapo anamwona. Tena Dar es Salaam haihitajiki. Ngome ya Chake Chake ina makumbusho ndani yake, Pujini pana magofu yanayohusishwa na Mkama Ndume, na soko la Wete lina kila aina ya kipimo na kila aina ya ubishi wa bei. Watoto watatu watatu, swali moja kwa kila watatu, na nusu saa inatosha.

Mmoja wa wanachuo wa ziara ile alikuwa amenunua Kariakoo ndoo ndogo iitwayo sado, ambayo wachuuzi wa Dar es Salaam huitumia kupimia mchele na viazi. Katika mazoezi ya kufundisha, somo la Hisabati darasa la nne, aliiweka mezani kando ya pishi ya kwao, ile inayopimiwa karafuu mbichi wakati wa msimu. Watoto waliijua pishi na waliujua mgawo wake wa vibaba vinne, lakini sado hawakuijua. Aliwapa mchanga na kibaba, akawaacha wapime. Vikundi vilipata majibu tofauti, kwa sababu baadhi walijaza kwa kufuta na wengine kwa kichuguu, na ubishi ukazuka kuhusu ipi ni haki kwa mnunuzi. Mtoto mmoja akauliza kwa nini watu wa huko hawatumii pishi. Mwanachuo alijibu kwamba hajui, akawapa kazi ya nyumbani: waulize babu na bibi zao pishi ilitoka wapi. Kesho yake watoto wawili walikuja na vibaba vya mti vilivyokuwa vimewekwa darini, na somo la Hisabati likaanza tena kwa kuvipima kama viko sawa.