Dondoo muhimu: Albamu za kupimia spika

Umenunua spika mpya, uko Bukoba mjini au Muleba? Usizipime kwa besi ya kutikisa bati. Besi huficha mengi. Zipime kwa muziki wa asili.

Anza na enanga yetu: uzi mmoja uliopitishwa huku na huko juu ya ubao uliochongwa kama hori. Ikirekodiwa vizuri, unasikia kidole kikigusa uzi, kisha mti wenyewe ukiitikia. Ukipata mlio mtupu, spika zinakuibia.

Tafuta pia rekodi alizofanya mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Tanganyika mwaka 1950, zilizotolewa upya na lebo ya SWP ya Uholanzi. Ni za mono, kwa hiyo sauti lazima itokee katikati ya spika mbili. Ikivutwa upande mmoja, sogeza spika au kagua nyaya.

*Chibite* ya Hukwe Zawose (Real World, 1996) ndiyo chaguo langu la kwanza: mtetemo wa ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hufichua spika kavu papo hapo. Kwa banjo, chukua *Throw Down Your Heart* (2009) ya Béla Fleck, Mmarekani aliyekuja kupiga na Anania Ngoliga wetu.

Na mwimbaji wetu Saida Karoli? Bila shaka, ila nunua nakala halisi. Zile za kurushiwa kwenye flashi zimebanwa mpaka ngoma inasikika kama debe.

Na mvua ya Bukoba ikianza kupiga bati, zima tu. Hapo hakuna spika itakayokusaidia.