SOMO LA LEO: KATI YA NDIYO NA SIYO



Maji ya kuoga yaliyo kwenye ndoo, ni ya moto au ni ya baridi? Huenda utajibu: "Ni vuguvugu." Hukusema moto, hukusema baridi, na aliyekuuliza amekuelewa.

Mashine nyingi hujua majibu mawili tu. Ndiyo huandikwa 1, siyo huandikwa 0. Ukiiambia mashine hiyo kwamba maji ya moto huanzia digrii 50, basi kwake yeye digrii 49 siyo moto kabisa. Hata mtoto atakataa!

Mwaka 1965, Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alieleza njia nyingine ya kufikiri. Baadaye iliitwa mantiki fazi, yaani mantiki ya mambo yasiyo na mpaka ulio wazi. Humo jambo huweza kuwa kweli kwa kadiri. Maji vuguvugu ni ya moto kwa nusu, yaani 0.5. Yakipashwa zaidi yatafika 0.8. Yakitokota ni 1.

Angalia vizuri: hiyo 0.5 siyo kubahatisha. Maji tumeyagusa, tunayajua. Tunasema tu yana moto kiasi gani.

Njia hii ina kazi gani? Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1942, alikuwa mwalimu wa chuo huko London. Katika miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake waliitumia kuendesha injini ndogo ya mvuke. Waliipa amri kama za fundi: "Mvuke ukizidi kidogo, punguza moto kidogo. Ukizidi sana, punguza sana." Injini ikaenda vizuri. Mwaka 1987, treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zilianza kutumia njia hiyo ili ziondoke na kusimama taratibu.

Sisi tujifunze nini? Kusema "kiasi" siyo kukwepa uamuzi. Kila kadiri ina kazi yake. Mahindi yaliyokauka nusu siyo mabichi, lakini siyo ya kuweka ghalani. Yanaweza kuota kuvu yenye sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Basi usiulize tu, "Yamekauka?" Uliza, "Yamekauka kadiri gani? Yaanikwe tena siku ngapi?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mambo matatu nyumbani kwako yasiyojibika kwa ndiyo au siyo.
2. Andika amri mbili za kupika ugali kwa kutumia maneno "kidogo" na "sana".
3. Ni mambo gani hayana nusu?