Siyo Hasira za Ghafla: Zijue Dalili Mapema



Umewahi kusikia watu wakisema msibani, "Ni hasira tu, shetani alimpitia"? Husemwa hivyo mwanamke anapouawa na mume au mpenzi wake. Lakini mara nyingi dalili zilikuwepo, tena watu waliziona. Leo tujifunze kuzitambua.

Habari ya mkimbiaji
Ninyi wa Mbulu na Hanang mnawaheshimu wanariadha, maana huko ndiko alikotoka John Stephen Akhwari wa Olimpiki ya Mexico, 1968. Basi msikieni mwenzake wa Uganda, Rebecca Cheptegei. Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Tarehe 1 Septemba aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake Endebess, Kenya. Alifariki siku nne baadaye. Walikuwa wameshaachana, wakagombana juu ya kiwanja. Baba yake alisema familia ilikuwa imeshalalamika polisi.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wapenzi au ndugu zao. Ni wastani wa 140 kila siku!

Dalili za hatari
Muuguzi mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, na wenzake walichunguza mauaji ya namna hii. Dalili hizi hujirudia:

1. Kumkaba koo. Hata mara moja ni hatari kubwa sana.
2. Kutishia kuua, au kusema "nitakuua halafu nijiue". Usidhani ni maneno ya pombe tu.
3. Kumtishia kwa silaha, kama panga au bunduki.
4. Kumtawala na kumfuatilia: anakagua simu, anamkataza kwenda kwao au sokoni.
5. Kipigo kuzidi: jana kofi, leo fimbo.
6. Mwanamke ameondoka, au anataka kuondoka. Hapo mtawala anaona mali yake inamponyoka, na hatari hupanda.

Ya sita ndiyo husahaulika. Wazee wakimrudisha na kumwambia "vumilia, mwanangu", wanamrudisha kwenye hatari. Na wewe ukimwambia "ondoka leo leo" bila mpango, hujamsaidia bado.

Eti ni mila?
Siyo ruhusa hata kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na mila zenyewe je? Wabarabaig wa Hanang wanajulikana kwa baraza la wanawake, girgwageda gademga. Mwanaanthropolojia George Klima aliandika mwaka 1964 kwamba baraza hilo liliweza kumtoza faini ya ng'ombe mwanaume aliyewakosea wanawake.

Ufanye nini?
Tuseme dada yako aliyeolewa Basotu anakunong'oneza kuwa mumewe alimkaba koo.

- Msikilize na umwamini. Usimuulize, "Kwani ulimfanya nini?"
- Usiende kugombana na shemeji. Utaongeza moto.
- Mshauri aende hospitali haraka, hata kama haonekani na jeraha. Koo lililokabwa linaweza kuvimba ndani baadaye.
- Mweleze mtu mzima mwenye kutunza siri: mwalimu wa malezi, shangazi, afisa ustawi wa jamii.
- Asaidiwe kupanga kimya kimya: nauli, vitambulisho, kadi za kliniki za watoto, na nyumba ya kufikia ambayo mume haijui.
- Aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Polisi hutoa fomu ya PF3, na daktari huandika humo majeraha.
- Kama kuna mtoto hatarini, piga 116. Ni bure.

Na wewe kijana, wivu siyo upendo. Mvulana anayekuchagulia marafiki leo, kesho atataka nini? Nawe mvulana, ukikataliwa, kubali na uende zako. Hakuna mtu aliye mali yako.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini kuachana huongeza hatari?
2. Katika kijiji chenu, mwanamke anayetishiwa anaweza kukimbilia wapi usiku?
3. Jirani akisikia kelele, afanye nini badala ya kusema "ni mambo ya ndani"?