Dondoo muhimu: Ijaribu kamera ya joto alasiri, si usiku

Kamera ya joto haitegemei mwanga. Inasoma tofauti ya joto kati ya mtu na kilicho nyuma yake. Ngozi ya binadamu huwa na nyuzijoto 33 hivi, na ukuta uliochomwa na jua mchana kutwa hufika hapo kwa urahisi, kiasi kwamba anayepita mbele yake karibu apotee kwenye picha. Kwa hiyo mtembeze mtu kutoka getini alasiri, urekebishe lenzi na usikivu wa king'ora hadi aonekane. Utaambiwa wezi huja usiku. Ni kweli, ila zege hutunza joto saa kadhaa baada ya magharibi, na kwenye baridi ya usiku wa manane hata kamera iliyofungwa ovyo hufaulu. Usiifunge nyuma ya dirisha kamwe: kioo cha kawaida huzuia mionzi ya joto ambayo kamera huisoma.