Kukomboa Wakati: Fomu Iliyolala Ndani ya Biblia Yangu

Maandiko ya somo: Waefeso 5:15-17, Kutoka 18:13-26, Nehemia 5:1-13 na 6:1-15

Somo la wiki hii lilianza kunifundisha mimi kabla ya kulileta kwako.

Mwanzoni mwa muhula uliopita, mama mmoja wa hapa kanisani alinijia baada ya ibada ya pili. Alikuwa na fomu ya basari ya kijana wake aliye kidato cha tatu, na ilihitaji sahihi ya kiongozi wa dini. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini nilikuwa nakimbilia mkutano wa kamati. Nikaitia fomu ndani ya Biblia, nikamwambia, "Mama, tuonane Jumatano." Jumatano nikawa mazishini. Ijumaa kulikuwa na kesha. Alinipigia simu mara mbili, sikushika. Wiki nzima nilikuwa nasoma Biblia ya kwenye simu, kwa hivyo ni Jumapili, nikifungua kitabu nihubiri, ndipo fomu ikanitazama. Siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa Ijumaa.

Nilipomwomba msamaha, alinijibu kwa upole, "Si neno, pasta. Najua uko na kazi nyingi za Mungu." Afadhali angenikemea. Kijana alikaa nyumbani zaidi ya wiki mbili, hadi mama yake alipopata mkopo kwenye chama chake. Mkopo huo bado analipa.

Jina la Mungu lilikuwa limetumika kufunika uzembe wangu. Hapo ndipo nikaketi na Maandiko.

1. WAKATI NI AMANA

Katika Waefeso 5:16 Paulo anatuagiza kuukomboa wakati. Neno la Kigiriki alilotumia lina mzizi wa sokoni, yaani kununua kitu kikatoka mikononi mwa mwingine. Sisi pia tunasema mtu amekomboa shamba lililowekwa rehani. Maana yake wakati wako una watu na vitu vinavyoushikilia, na haurudi bure. Lazima uulipie.

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Naweza kutengeneza bajeti na kusoma leja. Lakini saa zangu sikuwa nimewahi kuzipigia hesabu. Wiki ina saa 168, kwa tajiri na kwa mama mboga. Nilichukua daftari la shilingi chache, nikaandika kila saa kwa siku saba. Matatu na foleni za barabarani: saa 12. Mikutano: saa 17. Simu mkononi: saa 19. Maombi ya peke yangu: saa 4. Kutembelea wagonjwa: saa 3. Kukaa na watoto wangu bila simu: saa 2.

Mdomo wangu ulikuwa unahubiri familia na maombi. Daftari lilikuwa linahubiri kitu kingine.

2. SHUGHULI NYINGI SI MATUNDA MENGI

Soma Kutoka 18. Musa anaketi kuamua kesi kutoka asubuhi hadi jioni, na watu wamesimama foleni wakimngoja. Ukimwona utasema, huyu ni mtumishi kweli! Lakini baba mkwe wake, Yethro, alimwambia wazi kwamba jambo analofanya si jema. Angejichosha yeye na kuwachosha watu pia. Ninapochelewa, anayelipa si mimi peke yangu. Nikichelewa dakika 20 kwenye mkutano wa watu 30, nimekula saa 10 za watu. Tusijifiche nyuma ya "saa za Kiafrika". Saa hizo zina wenyewe.

Yethro alimshauri achague watu waaminifu, wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Musa alisikia, akafanya. Na huyu ndiye Musa ambaye Zaburi 90 inaitwa maombi yake, ile inayomwomba Mungu atufundishe kuhesabu siku zetu. Nadhani aliomba kama mtu aliyewahi kuzipoteza.

3. KILA "NDIYO" INA BEI

Darasani tulifundishwa kwamba bei ya kitu si pesa tu. Ni pamoja na kile ulichokiacha ili ukipate. Nilipokubali kila mkutano, sikujua nilikuwa nalipa kwa fomu ya kijana wa mtu.

Nehemia alilijua hili. Akiwa anajenga ukuta, adui zake walimwita mara nne wakutane naye katika bonde la Ono. Mara zote nne alikataa, kwa jibu lile lile, kwamba yuko katika kazi kubwa. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Wahubiri tunaipenda sana hiyo sura ya 6. Lakini usiruke sura ya 5. Maskini walipolia kwamba wameweka mashamba yao rehani na watoto wao wanaingia utumwani, Nehemia huyo huyo aliwasikiliza, akaitisha mkutano mkubwa, akahakikisha wamerudishiwa mali yao. Alikuwa na "hapana" kwa wanaompotezea wakati, na nafasi kwa mwenye shida. Mimi nilifanya kinyume. Niliikimbilia kamati nikamwacha mama.

4. NENO KWA ASIYE NA SAA ZAKE

Najua wengine wenu ni walinzi wa zamu ya saa 12, au wafanyakazi wa nyumbani mnaoamka kabla ya jogoo. Wengine ni vijana mnaotafuta kazi. Somo hili si fimbo ya kuwachapa. Katika Mathayo 20, mwenye shamba aliwakuta watu sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja. Wale wa mwisho walieleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu, aliwapa kazi. Mungu hakuulizi saa ambazo hukupewa. Anakuuliza zile ulizo nazo, hata kama ni nusu saa ndani ya matatu.

TUFANYE NINI WIKI HII?

- Andika saa zako kwa siku saba. Usijidanganye, Mungu tayari anajua.
- Kila jioni chagua mambo matatu ya kesho. Moja kati yake liwe mtu, si kazi.
- Jambo la dakika mbili lifanye papo hapo, hasa kama kuna mtu anangoja.
- Gawa kazi. Baada ya kisa changu, nilizungumza na mchungaji mkuu. Sasa wazee wawili hukaa ofisini Jumanne na Alhamisi jioni kupokea fomu na barua. Zinazohitaji mkono wangu naletewa siku hiyo hiyo.
- Tenga siku ya kupumzika. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, wala hakuwa amechoka.

Kijana amerudi shuleni. Juzi mama yake alinisalimia mlangoni, akanipa fomu ya muhula huu. Niliitia sahihi nikiwa nimesimama, juu ya mgongo wa kiti, huku kamati ikiningoja. Ilingoja dakika mbili.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni nani anayekungoja sasa hivi, na umemwambia mara ngapi "kesho"?
2. "Ono" yako ni ipi, ile inayokuita mara nne na bado unaenda?
3. Ni kazi gani unayoishikilia ambayo mwingine angeweza kuifanya?

OMBI: Baba, tusamehe kwa saa tulizopoteza na watu tuliowaumiza kwa kuchelewa. Tufundishe kuhesabu siku zetu, na tusitumie kazi yako kama kisingizio. Katika jina la Yesu, amina.